SCR-270 ya Opana ndani ya mchezo wa uigaji: kupima tarakimu za rada kabla ya kuziamini

Hifadhidata nyingi za michezo ya uigaji wa kivita huielezea rada kwa tarakimu moja kubwa: umbali wa ugunduzi. Mtengenezaji wa misheni huijaza, anabonyeza kitufe cha kuanza, kisha anashangaa ndege zinavyoonekana mapema mno au kuchelewa mno. Kosa haliko kwenye mchezo. Umbali wa ugunduzi ni jibu la hesabu yenye nguvu ya kurusha, antena, urefu wa wimbi, ukubwa wa shabaha, kimo chake na mtu anayetazama skrini. Ukilijaza jibu mahali pa swali, umeifunga rada kwenye hali moja tu, na mara nyingi hujui ni hali ipi.

Kisa cha kulipimia hili ni kituo cha Opana, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, Hawaii, asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941. Rada yenyewe ni SCR-270 ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, ile ya kubebwa kwa malori. Tumeichagua kwa sababu vigezo vyake vya kiufundi viko wazi kwa umma, na tukio lenyewe lilichunguzwa na tume kadhaa chini ya kiapo, likiwemo shauri la Bunge la Marekani la 1945 na 1946. Kwa hiyo tuna vigezo upande mmoja na tukio lililoandikwa upande wa pili, na kimoja kinaweza kumsaili mwenzake. Ni nadra kupata bahati hiyo kwa rada yoyote ya kijeshi.

Neno moja kuhusu lugha kabla ya hesabu. Katika Kiswahili "masafa" hutumika kwa umbali na pia kwa idadi ya mawimbi kwa sekunde. Hapa masafa ni megahezi tu. Umbali tutauita umbali.

Kinachojulikana

Saa 1 na dakika 2 asubuhi (07:02), askari wawili, Joseph Lockard na George Elliott, waliona mwangwi mkubwa kaskazini, umbali wa maili 132. Baadhi ya ushahidi hutaja 136 au 137. Chukua 132 kama thamani ya kufanyia kazi na uandike pembeni kwamba ina utata wa maili tano. Waliufuatilia hadi karibu saa 1:40, ulipozama kwenye miangwi ya kudumu ya milima, umbali wa maili 20 hivi. Wimbi la kwanza la mashambulizi lilikuwa na ndege 183: 49 za mabomu ya kimo, 40 za torpedo, 51 za kupiga mbizi na 43 za kivita. Simulizi za upande wa Japani zinaweka kimo cha safari karibu mita 3,000.

Rada: masafa karibu megahezi 106, nguvu ya kilele kilowati 100, mapigo 621 kwa sekunde, kila pigo mikrosekunde 10 hadi 25, mwale wenye upana wa digrii 28 hivi kwa mlalo, antena ya dipoli (vijiti vya chuma vinavyorusha na kupokea mawimbi) iliyozungushwa polepole, haizidi mzunguko mmoja kwa dakika. Kituo kilikuwa futi 532 juu ya bahari, yaani mita 162.

Sasa tuseme faili ya mchezo ina mstari unaosomeka "umbali: 250", na kipimo cha mchezo ni maili ya baharini. Ndege zinaonekana saa ngapi?

Jaribio la kwanza linavyoharibika

Maili 250 za baharini ni kilomita 463. Mchezo wowote wenye akili kidogo utakata umbali huo kwenye upeo wa macho wa rada. Kanuni yake ni fupi: kilomita = 4.12 × (kipeuo cha kimo cha antena + kipeuo cha kimo cha ndege), vimo vyote kwa mita. Kipeuo cha 162 ni 12.7, cha 3,000 ni 54.8. Jumla 67.5, mara 4.12, inatoa kilomita 278, sawa na maili 173.

Mwendo tunaupata kwenye ushahidi wenyewe. Kutoka maili 132 hadi 20 kwa dakika 38 ni maili 177 kwa saa, yaani kilomita 285 kwa saa. Basi kutoka maili 173 hadi 132 ni dakika 14. Mchezo utapiga kengele saa 12:48, robo saa kasoro kabla ya historia, na mchezaji atakuwa amepewa dakika 14 ambazo Oahu haikuwa nazo. Kwenye misheni ambayo bomu la kwanza linaanguka kabla ya saa 2 asubuhi, hizo ni dakika za kutosha kurusha kikosi kizima cha ndege za kivita.

Hiyo 250 inaweza kuwa imetoka wapi? Mara nyingi tarakimu za namna hii huzaliwa na kunakili bila kipimo: kilomita 250 zikawa maili 250, kisha maili za nchi kavu zikawa za baharini. Huhitaji kumtafuta aliyekosea. Rada yenyewe itakuambia.

Mapigo 621 yanasema nini

Rada hurusha pigo, hunyamaza, husikiliza, kisha hurusha tena. Mwangwi ukirudi baada ya pigo linalofuata, skrini itauonyesha mahali pasipo pake. Umbali mkubwa unaosomeka bila utata ni kasi ya mwanga kugawanywa kwa mara mbili ya idadi ya mapigo: 299,792 ÷ (2 × 621) = kilomita 241.4.

Geuza kilomita hizo ziwe maili za nchi kavu na unapata 150.0. Siyo 148, siyo 153. Tarakimu isiyo ya kawaida kama 621 inaangukia maili 150 kamili, na hiyo ni dalili nzito kwamba kipimo cha skrini kilikuwa maili 150 za nchi kavu na mapigo yakapangwa kukifuata. Kwa maili za baharini ingekuwa 130.3, namba ambayo hakuna mhandisi angeichora kwenye skrini. Kwa kituo hiki kimoja tumeshapata majibu mawili: jedwali linalodai maili 250 pamoja na mapigo 621 linajipinga lenyewe, na "maili" za mashahidi ni za nchi kavu.

Kuna uthibitisho wa pili kutoka upande usiohusiana kabisa na umeme. Zingekuwa maili za baharini, zile 112 kwa dakika 38 zingekuwa kilomita 327 kwa saa. Ndege ya Nakajima B5N, ile ya Japani ya torpedo na mabomu ya kimo, ikiwa na mzigo wake, ilisafiri kwa takriban kilomita 260 kwa saa. Kilomita 285 zinaeleweka ukiongeza upepo wa nyuma, 327 hazieleweki. Hivi ndivyo tarakimu ya kuaminika inavyopatikana: njia mbili zisizojuana zinakutana mahali pamoja.

Weka basi kikomo cha kilomita 241 kwenye faili. Kengele inasogea hadi saa 12:56. Bado dakika sita za ziada, na hizi ndizo zenye mafunzo zaidi.

Maili 132 ni sakafu

Wengi wakifika hapa huandika kilomita 212 kama "umbali halisi" na kufunga faili. Angalia kilichokuwa kinaendelea kituoni. Zamu ilikuwa ya saa 10 alfajiri hadi saa 1 asubuhi. Mtambo ulibaki umewashwa kwa sababu lori la kuwachukua askari kwenda kupata kifungua kinywa lilikuwa limechelewa, na Elliott alikuwa anajifunza kuutumia. Skrini ilikuwa oskiloskopu inayoonyesha mstari mmoja wenye miiba, siyo ramani ya duara inayozunguka. Ili kuona shabaha, antena lazima iwe imeelekea huko na jicho liwe kwenye mstari. Kwa hiyo 07:02 ni dakika ambayo mtu aliona. Inathibitisha kwamba rada iliweza kufika kilomita 212; haithibitishi kwamba isingeweza kufika 235.

Kwa kundi kubwa kama lile, andika safu: kilomita 212 hadi 241, na uache kucheleweshwa kwa mtazamaji kufanye kazi iliyobaki. Kama mchezo una kigezo cha ustadi wa wahudumu au muda wa kuitikia, dakika sita hizo zinapaswa kukaa humo, zisifichwe kwenye nguvu ya rada.

Kundi na ndege moja

Hapa ndipo faili nyingi hufa. Umbali hukua kwa kipeuo cha nne cha eneo la mwakisiko, yaani kipimo cha nguvu ambayo shabaha huirudisha kwa rada. Ndege 16 zikiwa ndani ya kisanduku kimoja cha utambuzi, yaani eneo ambalo rada huliona kama mwangwi mmoja, huonekana mara mbili ya umbali wa ndege moja, kwa kuwa kipeuo cha nne cha 16 ni 2.

Kisanduku hicho kina ukubwa gani? Mwale wa digrii 28 kwa umbali wa kilomita 212 una upana wa kilomita 104. Kina chake kinatokana na pigo: kila mikrosekunde ni mita 150, hivyo pigo la mikrosekunde 20 ni kilomita 3. Tukichukulia msafara wa ndege 183 umetandaa kilomita 30 kutoka mbele hadi nyuma, kila kisanduku kinameza ndege 18 hivi. Urefu huo wa msafara ni dhana yetu, ubadilishe upendavyo. Ukiupunguza kwa nusu, idadi inakuwa 36 na umbali wa ndege moja unapungua kwa asilimia 16 tu. Kipeuo cha nne kinasamehe makosa mengi.

Kwa ndege 18, umbali wa kundi hugawanywa kwa 2.06. Kundi linaloonekana kilomita 212 linaashiria ndege moja kwa takriban kilomita 103. Aliyeandika 212 kwa kila ndege ameipa SCR-270 uwezo wa kuona ndege moja ya upelelezi mara mbili ya inavyostahili, na kwenye misheni inayofuata, yenye doria za ndege mojamoja, hakuna kitakachoponyoka.

Michezo mingi hupima kila ndege peke yake. Kama wako ni hivyo, suluhisho ni kuunda kitengo kimoja cha kundi chenye mwakisiko uliojumlishwa. Ndege tisa za mita 10 za mraba kila moja ziwe kitengo kimoja cha mita 90 za mraba. Kikishambuliwa au kikitawanyika, hati ya misheni ikibadilishe kuwa ndege tisa tofauti.

Je, mlinganyo wa rada unakubali? Tujaribu. Antena ya mlalo wa dipoli nne zenye nafasi ya nusu wimbi ina upana wa mawimbi mawili. Kanuni ya digrii 51 kugawanya kwa upana inatoa digrii 25 hivi, jirani wa karibu wa 28 inayotajwa. Hiyo inatupa imani kwamba mpangilio wa antena unaotajwa ni wa kweli. Kwa wima, matoleo hutofautiana kati ya safu nane na tisa, lakini tofauti yake kwa ukuzaji (jinsi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja) ni nusu desibeli, haifai kugombaniwa. Desibeli hupima uwiano wa nguvu: 10 ni mara kumi. Ukuzaji wa kinadharia ni karibu 100. Kwa hasara za kawaida weka 80. Urefu wa wimbi mita 2.83. Mwakisiko mita 10 za mraba. Kwa kilomita 212, bila kuhesabu mwakisiko wa bahari, nguvu inayorudi ni 1.3 × 10⁻¹⁴ wati.

Kelele sasa. Kwenye masafa haya kelele kubwa hutoka angani, na pendekezo la ITU-R P.372, la shirika la kimataifa la mawasiliano, linaipa galaksi desibeli 52 − 23 × logi ya megahezi: kwa 106 ni desibeli 5.4, sawa na joto la kelvini 1,000. Kipokezi cha zama zile tumekipa desibeli 10 za kelele yake, ni makadirio. Jumla kelvini 3,600. Kwa upana wa masafa wa kilohezi 100, kelele ni 5 × 10⁻¹⁵ wati. Ndege moja iko desibeli 4 juu ya kelele kabla ya hasara za nyaya. Ndege 18 ziko karibu desibeli 17. Kipimo cha kawaida cha pigo moja kwa ugunduzi wa asilimia 90 ni desibeli 13 hivi. Ndege moja hapo ni ya kubahatisha. Kundi linajitokeza wazi. Hesabu na ushahidi vimeshikana mikono bila kulazimishwa.

Kosa la kawaida hapa ni kujaza nguvu ya wastani mahali pa nguvu ya kilele. Kilowati 100 × mapigo 621 × mikrosekunde 20 ni wati 1,240 tu za wastani, pungufu mara 80. Ukizichanganya, umbali unaanguka hadi theluthi moja. Ukiona rada kubwa ya onyo haioni kitu zaidi ya kilomita 70, angalia hapo kwanza.

Vimo, milima na saa

Kwa kilomita 212 na kimo cha mita 3,000, ukihesabu mpindo wa dunia, ndege zilikuwa sehemu ya ishirini tu ya digrii juu ya mstari wa mlalo wa antena. Zilikuwa ndio kwanza zinaupita mstari huo. Juu ya bahari, wimbi la moja kwa moja na lile lililodunda majini hukutana na kutengeneza matawi. Kwa wimbi la mita 2.83 na kimo cha mita 162, matawi hayo yanaachana kwa nusu digrii hivi. Ndege moja inayokuja kwa kimo kisichobadilika itafifia na kurudi inapoyavuka. Michezo inayokubali mchoro wa matawi kwa kawaida huchora dunia bapa, na kwa pembe ndogo hivi mchoro huo haufai. Ni afadhali uzime matawi chini ya digrii moja kuliko kuyaweka mahali pasipo sahihi. Kundi lililotandaa kwa vimo tofauti huyafuta yenyewe.

Milima ya Oahu, kwa upande mwingine, isiachwe. Mwangwi wa kudumu ulimeza shabaha karibu na maili 20, kwa hiyo chora kificho cha ardhi hadi kilomita 32 upande wa kisiwa. Bila hicho mchezaji ataongoza ndege zake kwa rada mpaka juu ya bandari, kitu ambacho Opana haikuweza.

Saa nayo ina mtego wake. Mwaka 1941 saa ya Hawaii ilikuwa nyuma ya saa ya dunia kwa saa 10 na nusu. Saa 10 kamili zilikuja 1947. Injini ya mchezo inayotumia kanda ya sasa itaweka 07:02 kuwa 17:02 ya saa ya dunia badala ya 17:32, na jua litakuwa chini nusu saa zaidi ya lilivyokuwa. Macheo yakikosewa, ndege za ulinzi zinazotegemea macho nazo zinakosewa.

Halafu kuna njia ya taarifa. Opana ilipiga simu kituo cha habari cha Fort Shafter. Luteni Kermit Tyler, aliyekuwa zamu, alidhani ni ndege za mabomu za Marekani, B-17, zilizotarajiwa kutoka California, na akawaambia wasijali. Rada haikuwa na njia ya kutofautisha rafiki na adui. Katika faili, hii inamaanisha mwangwi unaingia bila utambulisho, bila idadi na bila kimo. Mchezo unaoandika "B5N, 89, mita 3,000" kwenye ramani umeshaibatilisha misheni, hata kama umbali wake ni sahihi hadi mita ya mwisho.

Kuhamishia rada nyingine

Njia hii inafanya kazi kwa rada yoyote ambayo nyaraka zake zimefunguliwa: anza na idadi ya mapigo, tafuta umbali usio na utata, angalia kama unaangukia namba nzima kwa kilomita, maili za nchi kavu au za baharini, kisha ujue nyaraka ziliandikwa kwa kipimo gani. Pima antena kwenye picha zenye mtu au lori kando yake na ulinganishe upana wa mwale. Mwisho kabisa ndipo uangalie umbali uliotangazwa, na uulize ni kwa shabaha ya ukubwa gani, kimo gani na uwezekano wa ugunduzi wa asilimia ngapi. Kijitabu cha mauzo kisichojibu maswali hayo matatu kina thamani ya tangazo.

Kwa rada zinazotumika leo, mpaka ni mmoja: karatasi yenye muhuri wa siri au wa matumizi ya ndani haiguswi, hata ikiwa imeshasambaa. Mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder alibandika kurasa za mwongozo wa kifaru cha Challenger 2 ili kushinda ubishi kuhusu usahihi wa mchezo. Kurasa zikafutwa na hazikutumika. Kubandika kitu kama hicho kunaweza kumfikisha mtu mahakamani, na mchezo haupati chochote. Safu pana yenye sababu zake, iliyojengwa kwa vipimo vya wazi, ina manufaa zaidi.

Na katika faili ya Opana, kando ya kila tarakimu weka safu wima tatu: kipimo kilichotumika kwenye chanzo, aina ya chanzo (mwongozo, ushahidi, hesabu au dhana), na tarakimu nyingine iliyoithibitisha. Kilowati 100 kutoka mwongozo. Kilomita 241 kutoka mapigo 621. Kipokezi desibeli 10, dhana, hakuna uthibitisho. Atakayeifungua faili hiyo baadaye akiwa na mwongozo bora wa kipokezi atajua mstari wa kubadilisha, na mistari mingine ya kuiacha ilivyo.